Kijana wangu ameitwa misheni na Wamormoni, miaka miwili Zambia. Mliopitia naombeni mnieleze ukweli

MamaMaandazi_Buza

Habari zenu wana jukwaa. Naandika saa tisa usiku, unga nimeshakanda, nasubiri uumuke, na usingizi sina.

Naishi Yombo Buza, nauza chai na maandazi kituoni tangu 2009. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita, JKT kaenda na kurudi. Akiwa kidato cha tatu rafiki yake alimpeleka kwenye kanisa la Wamormoni. Jina lao lenyewe ni refu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Alipofika miaka 16 akaniletea karatasi ya mzazi kukubali abatizwe. Baba yake alikataa katakata. Mimi nikasaini, kwa sababu nilimwona mtoto ametulia, anasoma, hanidanganyi. Sisi ni Wakatoliki, na kwenye jumuiya nilisemwa mpaka nikakaa miezi miwili sihudhurii.

Wiki iliyopita amepata barua ya wito. Anatakiwa Lusaka mwezi wa kwanza, miaka miwili mizima. Baba yake kasema akitoka na begi asirudi nalo hapa. Nyumba imekuwa kimya, sahani tu ndiyo zinagongana.

Naomba mtu aliyepitia anieleze. Wanafanya nini kutwa? Wanalipwa au mzazi ndiye analipa? Wanakula nini, wanalala wapi, nani anamwangalia akiumwa? Nitaongea naye? Na chuo je, si nafasi inapotea?

Jingine ni dogo lakini linanichoma. Tangu abatizwe hanywi chai. Ananisaidia kuwasha jiko saa kumi alfajiri, anamimina vikombe vya wateja, yeye anakunywa maji. Mimi mtoto huyu nimemlea kwa chai. Kila senti ya ada yake ilitoka kwenye birika.

Dereva_Kilwa_Road

Mama, hao huwa wananipita kila siku Mbagala, wawili wawili, shati jeupe na tai, jua la saa saba. Ninavyosikia wanalipwa kwa dola kutoka Marekani. Kama ni hivyo mwache aende atafute maisha.

Mmeru_wa_Buguruni

Shikamoo mama.

Nilikuwa mmisionari wa kanisa hilo, Oktoba 2022 hadi Oktoba 2024. Kwetu ni Meru, juu ya Usa River, lakini niliitwa misheni ya hapa hapa nchini. Tanzania ilipata misheni yake Julai 2020, makao yake Dar. Muda wangu mwingi niliumalizia Mbagala, Tandika, Kigogo na Kigamboni. Sasa hivi nauza vifaa vya ujenzi kwenye duka la mtu Buguruni. Nitajibu uliyouliza, halafu kuna moja hukuuliza na ndilo lililonifanya nijisajili humu usiku huu.

Ndugu yangu dereva, mshahara hakuna. Hata shilingi. Vijana wa Marekani familia zao ndizo zinazochangia, dola 500 kwa mwezi tangu Julai 2020, kabla ya hapo ilikuwa 400. Kwa sisi wa huku kiwango kinaangalia uwezo wa familia, na pengo linazibwa na mfuko wa kanisa. Mama, nenda mwenyewe na mwanao kwa kiongozi wa tawi lake, mkae, mseme mnachoweza kwa ukweli. Wa kwetu alikuwa fundi seremala, alinielewa haraka. Kule misheni nyumba inalipiwa, na kila mwezi unapewa posho ya chakula na nauli. Ukiila yote wiki ya pili, utakula ugali na chumvi wiki ya nne. Nimeona watu wakila hivyo.

Kutwa nzima iko hivi. Kuamka saa kumi na mbili na nusu. Nusu saa ya mazoezi. Sisi tuliruka kamba uani, watoto wa mama mwenye nyumba wakituhesabia. Kuoga, kula, kisha kusoma maandiko, kwanza peke yako, baadaye na mwenzako. Kuanzia asubuhi hiyo hadi jioni mko nje. Usiku mnapanga ya kesho, na saa nne na nusu taa inazimwa. Mbagala tulikuwa tunarudi mapema kuliko ratiba, kwa usalama.

Huko nje ni miguu tu. Watu wanafikiri mnahubiri tangu asubuhi. Mnatembea. Mmeahidiana na mtu saa nane Charambe, mnafika, kaenda shamba Mkuranga. Mnarudi. Njiani mnamkuta mama anapandisha madumu ya maji, mnabeba. Mnamkuta kijana anapiga tofali, mnavua tai mnapiga naye saa nzima. Jioni labda mnapata nusu saa na familia moja inayotaka kusikiliza kweli, na hiyo nusu saa ndiyo inakupa nguvu ya kuamka tena. Mvua za mwisho wa 2023 zilipopiga, Kigogo tulikaa siku tatu kwenye nyumba moja ya bondeni tukichota matope kwa makarai. Hatukufundisha neno. Baba wa nyumba ile alikuwa hatujibu hata salamu kabla ya mvua.

Kwa miaka miwili niliowafundisha wakabatizwa ni watu 11. Ninaojua wanaendelea mpaka leo ni wanne. Nakupa hesabu hiyo ili mwanao asije akapimwa kwa namba, na yeye asijipime hivyo.

Kifuani utavaa beji nyeusi. Kwa Kiingereza inaandikwa Elder, kwa Kiswahili kanisa limetafsiri Mzee. Fikiria mama, nina miaka 20, kifuani nimeandikwa Mzee, nimesimama mlangoni kwa bibi wa miaka themanini Tandika. Bibi akasoma taratibu kwa kidole, herufi kwa herufi. Akaniangalia. Nikainama nikamwamkia shikamoo, na tena shikamoo. Akasema, "Marahaba. Sasa Mzee ingia, unishushie hilo gunia la mkaa." Tulikuwa tunaenda kwake kila Alhamisi mpaka nikahamishwa. Hakubatizwa wala hakutaka. Alitaka mtu wa kumsomea Zaburi kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha.

Kuhama ni kawaida. Takriban kila wiki sita simu inakuja, mmoja anabaki, mwingine anahama, au wote mnabaki. Na huwi peke yako hata siku moja. Popote aendapo mwenzako na wewe upo, isipokuwa chooni na bafuni. Kwa hilo la kuumwa, mama, hapo ndipo utakapopata usingizi: mwezi wa tatu malaria ilinilaza siku nne, na mwenzangu hakuweza kutoka hata kama angetaka, kwa sababu haruhusiwi kuniacha. Alikuwa kijana wa Lubumbashi. Alinipikia uji wa mchele, akauchoma, akapika mwingine. Kiswahili chake kiliwafanya watu wa Tandika wasimamishe shughuli kumsikiliza, na mimi nilikipenda mpaka nikaanza kukiongea bila kujua.

Baada yake nikapata wa Idaho, mtoto wa wakulima wa viazi. Alikuwa amefundishwa Kiswahili Utah kabla ya kuja, na shikamoo alimpa kila mtu, hata mtoto wa darasa la pili. Nilimwelekeza wiki nzima nani anaamkiwa nani haamkiwi. Alikuwa hajawahi kufua kwa mkono maishani mwake. Hapo, mama, ndipo unapoweza kumsaidia mwanao kuanzia kesho asubuhi. Mashati meupe ni machache na jasho la pwani halina huruma. Tulikuwa tunafua Jumatatu, siku yetu ya maandalizi. Kola unailoweka kwanza, unaipaka sabuni ya mche, unaikunja kwa ndani, unaisugua kitambaa kwa kitambaa, usitumie brashi maana brashi inachana nyuzi na baada ya miezi minne kola inaota ndevu. Unaanika ndani nje, kivulini, kwa sababu jua la Dar linageuza nyeupe kuwa njano. Umeme ukikatika tunaazima pasi ya mkaa, na pasi ya mkaa ikitema cheche moja, shati limekwenda. Nimepoteza mawili hivyo. Huko Lusaka vumbi litakuwa la rangi yake, lakini kola ni ile ile.

Chakula mnapika wenyewe. Wali maharage, ugali dagaa, siku ya maandalizi chipsi mayai. Waumini nao wanawaalika. Jumapili ya kwanza ya mwezi mnafunga milo miwili, bila maji, na ile pesa ya milo mnaitoa kwa wenye shida.

Kuna makatazo utayasikia na utaona ni madogo. Mimi lililonishinda kulizoea ni bahari. Mmisionari haogelei. Kigamboni nilikaa miezi mitano, pantoni asubuhi, pantoni jioni, nimesimama pembeni na viatu vyeusi, maji yako pale chini, watoto wa kule wanaruka kutoka kwenye mawe ya ufukweni wanapiga kelele. Mtoto wa mlimani kama mimi bahari nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Siku ya pili baada ya kumaliza misheni niliingia na suruali.

Kuongea naye utaongea. Zamani ilikuwa simu ya Krismasi na Siku ya Mama basi. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kupiga nyumbani kila wiki siku ya maandalizi, hata kwa video. Weka bando, mama, na Jumatatu usiwe mbali na simu.

Chuo: asitegemee kwamba nafasi itamngoja. Aende mwenyewe akaulize chuoni, na habari ya mkopo aiulize Bodi ya Mikopo kabla hajaondoka, apewe jibu kwa maandishi. Mwenzangu mmoja wa Morogoro aliomba upya aliporudi na alipata, lakini alikaa nyumbani miezi kadhaa akisubiri dirisha lifunguliwe.

Sasa lile ambalo hukuuliza.

Baba yangu ni mkulima wa kahawa. Kama wewe na birika lako, yeye ni magunia. Ni mmoja wa wazee wachache kwetu wanaokaanga kahawa yao wenyewe na kuinywa, wengine wanauza tu. Nilipobatizwa nikamwambia siinywi tena. Hakugomba. Alikinywa kikombe changu juu ya chake. Nikachuma kahawa msimu ule kama kila mwaka, tukawa sawa, au nilidhani tuko sawa.

Nikiwa misheni mwezi wa tano, babu akafariki. Baba yake baba. Rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wote wa misheni yetu, alinipigia mwenyewe usiku, akalia na mimi, akaniuliza nataka nini. Nikasema nabaki. Nilikuwa na miaka 20, nilifikiri kubaki ndiyo imani. Babu akazikwa kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, na wajukuu wote wa kiume walishika koleo isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa Dar, mwendo wa basi la siku moja. Watu walimuuliza baba, "Huyu wako wa kwanza yuko wapi?" Alijibu nini sijui, mama yangu hajawahi kuniambia.

Baada ya hapo baba hakushika simu miezi saba. Kila Jumatatu nilipiga, mama akapokea, na nilikuwa nasikia mlango ukifunguliwa na kufungwa. Mwenzangu wa Idaho alikuwa anaongea na baba yake habari za trekta mpaka anacheka, mimi nimekaa kitanda cha pili naangalia ukuta. Jua, njaa, mbwa, kufukuzwa milangoni, vyote nilivibeba. Ule mlango ndio ulionimaliza. Kuna Jumatatu mbili sikupiga kabisa.

Siku moja akashika simu. Sijui kilichombadilisha. Akasema, "Viatu vyako vikoje?" Nilikuwa nimetoka kwa fundi viatu sokoni Tandika siku mbili kabla, soli zilikuwa zimekwisha hadi naona soksi. Nikamwambia fundi kanishonea soli ya tairi. Akataka kujua tairi la gari gani, uzi gani, amepiga mishono mingapi. Tukaongea viatu dakika nne, akampa mama simu. Kuanzia hapo kila Jumatatu aliuliza viatu. Mpaka leo hajaingia kwenye kanisa letu na sijamwomba.

Kwa hiyo mama, kabla kijana hajafunga begi, kaeni mzungumze habari ya msiba. Ninyi watatu, na baba yake awepo hata kama atakaa amegeukia dirisha. Nani akifariki atarudi, nani akifariki hatarudi, na nani atasimama badala yake kaburini. Semeni kwa majina: bibi fulani, babu fulani. Kwetu hatukusema, na nilijiamulia peke yangu usiku mmoja jambo ambalo lilikuwa la ukoo mzima. Ruhusa ya kwenda kuzika inaombwa, na mtu anaweza kupewa. Mwanao ajue hivyo kabla hajafika Lusaka, na ajue ninyi mnataka nini.

Mwl_Mstaafu_Temeke

Mama, nami niseme langu kwa upendo. Nimefundisha historia miaka 34. Kanisa hilo lilianzishwa 1830 katika jimbo la New York na Joseph Smith. Katika uhai wake mtu mweusi, Elijah Abel, alipewa ukuhani wao mwaka 1836. Halafu mwaka 1852 Brigham Young akatangaza kwamba mweusi haruhusiwi, na zuio hilo likadumu hadi Juni 1978. Hesabu mwenyewe: miaka 126. Mwaka 1978 mimi nilikuwa tayari mwanafunzi wa sekondari.

Simwambii asiende. Ila kijana wetu mweusi hawezi kwenda kugonga mlango wa Mwafrika mwenzake Lusaka bila kulijua hilo na kulitafuna. Ataulizwa. Na ajue kuwa zaka asilimia kumi kwao si jambo la hiari kwa anayetaka kuingia hekaluni, ile nyumba yao ya ibada maalum, tofauti na kanisa la kila Jumapili.

Mmeru_wa_Buguruni

Shikamoo mwalimu. Yote uliyoandika ni kweli, na nakushukuru umeyaandika na miaka yake.

Niliulizwa mara ya kwanza Mbagala, kwenye baraza la mzee mmoja, mbele ya watu sita. Sikuwa na jibu. Nilijua 1978 lakini nilikuwa nimeijua kama tarehe ya habari njema, sikuwa nimeitazama miaka iliyotangulia. Usiku ule sikulala. Desemba 2013 kanisa lilichapisha maelezo marefu ya jambo hilo na kuyakana mafundisho yaliyotumika kulihalalisha zuio, kwamba weusi ni laana na mengine ya namna hiyo. Niliyasoma yote na mwenzangu wa Lubumbashi, mstari kwa mstari. Yalinisaidia, hayakunimalizia. Mpaka leo kuna siku linaniuma. Nilirudi kwa mzee yule nikamwambia hivyo hivyo: ni kweli, lilikuwa baya, na mimi bado nipo. Aliniuliza kwa nini bado nipo. Nikamweleza nilichokutana nacho nikisali peke yangu shambani kwetu. Hicho sitakiandika humu, ni changu.

Mwanao mama amsome mwalimu huyu kabla hajasoma mtu mwingine.

Kuhusu hekalu nimeongeza kwa faida ya wengine: Afrika Mashariki tulikuwa tunasafiri mpaka Johannesburg, lililofunguliwa 1985. La Nairobi limewekwa wakfu Mei 2025. Wazazi wa rafiki yangu waliuza ng'ombe kwa safari ya Johannesburg. Sasa ni safari ya basi tu.

BiMwenyeNyumba_Tandika

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, nimewapangisha vijana hao vyumba viwili vya mbele miaka sita, wanahama wanakuja wengine. Nimeona wa Kenya, wa Kongo, wa Uganda, wazungu.

Mama wa Buza, nakuambia kama mzazi. Hawaniletei wasichana, hawaleti pombe, kodi haicheleweshwi. Maji yakikatika wanajaza pipa langu kabla ya lao. Ramadhani nawapelekea futari, mihogo ya nazi na tambi, wanapokea kwa mikono miwili. Nilishangaa siku moja nimewapelekea chakula Jumapili mchana wakasema wamefunga, bila maji, kama sisi. Nikakirudisha, jioni nikakileta tena.

Ila wanalia. Hili vijana hawatakuandikia. Usiku chumba cha mbele nasikia. Wa kizungu mmoja alilia wiki mbili mfululizo, mwenzake anamwimbia taratibu. Asubuhi wanatoka na tai wamenyooka. Niligonga nikamwambia mwanangu, mama yako yuko mbali, mimi nipo hapa. Akaanza kuja kukaa jikoni na mwenzie, wanachambua mchele. Huko Lusaka naye atapata mama mwenye nyumba. Mwombee apate.

MamaMaandazi_Buza

Nimesoma yote, nimelia, nimefuta, nimeuza, nimerudi kusoma. Asanteni. Mwalimu, nimemwonyesha kijana ulichoandika. Alikaa nacho kimya muda mrefu, akasema 1978 alikuwa anaijua, 1852 hakuwa anaijua. Kaniomba bando akasome.

Bi mkubwa wa Tandika, Mungu akubariki, nitakuja nikusalimie.

Habari ya msiba nimeshindwa kuianzisha bado. Mama mkwe wangu yuko Kilosa, ana sukari na presha, na kijana huyu ndiye kipenzi chake. Baba yake akirudi safari Jumamosi nitaweka chakula mezani niseme. Naogopa, lakini nitasema.

Mwanangu Mmeru, maswali mawili. Chai isiyo na majani anaruhusiwa? Nina mchaichai nimeotesha nyuma ya nyumba na tangawizi haikosi. Na viatu. Anavaa namba 43. Ninunue vya aina gani?

Mmeru_wa_Buguruni

Mama, anachokatazwa ni chai ya majani ya chai na kahawa. Mchaichai, tangawizi, mdalasini, hiliki, anakunywa mpaka atosheke. Mama yangu alikuja kulijua hilo nimeshamaliza misheni, akasema, "Miaka yote hiyo nakupa maji ya moto matupu?" Mpikie kesho alfajiri, umpe kwenye kikombe kile kile cha wateja.

Viatu, achukue jozi mbili, avae kwa zamu ili moja ikauke. Vyeusi vya ngozi, vya kufunga kamba. Nunua namba 44, miguu inavimba kwa kutembea na soksi ni nene. Pale Karume mitumba vipo vizuri kuliko vipya vya bei hiyo hiyo. Kabla ya kulipa pinda kiatu kati, uangalie soli imeshikwaje. Ikiwa ni gundi tupu, rudisha. Ikiwa imeshonwa, chukua, kisha mpelekee fundi apitishe mshono wa pili kuzunguka chote kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Mwambie kijana akae pale aangalie fundi anavyofanya, na sindano moja kubwa na uzi aweke kwenye begi.

Kama baba yake atakubali, amtume yeye akavichague.